Siku Tatu za Beringi

Duka la spea lilikuwa limejaa, kila mtu kanyoosha mkono kaunta. Katikati ya zogo lile muuguzi mmoja, bado na gauni lake jeupe la zamu, alikuwa amemshikia muuzaji simu sikioni asikilize alivyorekodi gari lake linavyogonga. Watu walicheka. Fundi wa ovaroli ya bluu aliyesimama nyuma yake hakucheka.

"Hizo ni beringi za krenki, ule mhimili wa injini, Sista. Ukiliendesha hadi nyumbani utafika na vyuma chakavu."

"Kwani umeliona?"

"Nimelisikia. Wewe mgonjwa akikohoa si unamjua?"

Basi mapenzi yakaanza. Injini ikafunguliwa, krenki ikapelekwa kuchongwa, beringi zikaagizwa, na kwa miezi miwili ya kusubiri simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula grisi." "Basi nawa mikono kabla hujanishika." Upuuzi mtupu, na wote wawili waliuona mtamu. Kila jioni muuguzi alipita gereji wakamgeuza pamoja kitandani baba yake fundi, mzee aliyepooza, kwenye chumba cha nyuma.

Kisha ikaja barua. Kazi ya kuzungukia zahanati, mji wa mbali, kilomita mia saba. Sharti awe na gari lake, na aripoti Jumatatu. Asipofika, nafasi anapewa mwingine, na kwao mama na wadogo zake watatu walikuwa wakimtegemea yeye tu.

"Beringi hazijafika," fundi alimwambia Jumatano. Alhamisi, jibu lile lile. Njia ya mwongo fupi: Ijumaa asubuhi muuguzi alivuta droo ya gereji akitafuta kalamu, akaziona kwenye boksi lake, na risiti ya Jumanne juu yake.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Zikishafungwa unaondoka. Nilitaka siku tatu tu."

"Ungeniomba."

Hakuomba, ndiyo shida ya wanaume wa aina hii. Alifunga injini Ijumaa na Jumamosi bila kuinua kichwa, na hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Jumapili asubuhi mvua ilinyesha. Muuguzi alikuja na sanduku, koti la kahawia limefungwa vifungo mpaka shingoni. Oili ilikuwa imeshajazwa, plagi zimepangwa juu ya kitambaa.

"Rudisha plagi niwashe."

"Bado. Oili haijapanda kwenye beringi. Injini ikiwaka zikiwa kavu, zinaungua, na kazi yote imekwenda bure."

"Juzi beringi hazijafika, leo oili haijapanda. Kesho itakuwa nini?"

 Safari hii fundi alikuwa anasema kweli, na muuguzi akiwasha kwa hasira, Jumatatu haipo tena. Fundi akampa ufunguo.

"Kaa wewe. Nimechomoa fyuzi ya pampu ya petroli, haiwezi kuwaka. Piga stata, hesabu kumi, pumzika. Tazama taa nyekundu ya oili, huzimika oili ikishapanda. Ikizimika mara ya kwanza tu, niite mwongo tena."

Muuguzi akahesabu kumi. Taa ikabaki nyekundu. Wakangoja, akahesabu tena, nyekundu. Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtoka, na taa ni ile ile. Mara ya nne ikazimika.

Fundi akarudisha plagi na fyuzi. "Sasa washa, usikanyage mafuta." Injini ikashika, ikatoa moshi kidogo, ikatulia. Aliinama chini kutafuta uvujaji, akasikiliza muda mrefu. Hakuna kilichogonga.

"Nisamehe, mpenzi," muuguzi alisema. "Nilikuwa nakaribia kuiua."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kutoniamini. Nisamehe wewe."

Wakashikana mikono dirishani, mvua ikimlowesha fundi mgongo. Alipoongea tena aliongea ya gari. "Usilikimbize, na mlimani usilikamue. Ukifika tu, oili hii imwagwe uweke mpya. Hii ya kwanza huokota vumbi la chuma."

"Nani atanibadilishia?"

Aliuliza polepole, akangoja. Kusema "nitakuja mimi" kulikuwa rahisi, na angeondoka akiwa na furaha. Lakini mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza, na wiki hiyo fundi alikuwa ameshadanganya vya kutosha.

"Fundi yeyote," akasema, na muuguzi akatia gia.