Mabuti ya Familia

Mama Pacha alikuwa anaosha vyombo huku akipuliza midomo. "Brrr! Brrr!" Pacha wake wawili walikuwa wanaruka juu ya kitanda na kumwiga. Majirani walishazoea kelele za nyumba hiyo. Midomo ya mpiga tarumbeta inahitaji mazoezi, na yake ilikuwa imelala miaka sita.

Miaka hiyo sita alikuwa analea. Tarumbeta lilikaa juu ya kabati, limefungwa kwenye kanga kuukuu. Sasa pacha walikuwa wameanza shule, naye alitaka kurudi kwenye bendi ya mtaa. Alitaka sana, mpaka usingizi ulimkimbia.

Kiongozi wa bendi aliitwa Kapteni. Hakuwahi kuwa mwanajeshi wala baharia. Jina hilo alipewa kwa sababu ya amri zake.

"Nitakupima kwenye tamasha," Kapteni alimwambia. "Siku ya tatu tutazunguka uwanja mara tatu, tukipiga. Tukimaliza ukiwa kwenye mstari, nafasi ni yako. Usipokuwepo, kuna mwingine anaingoja."

Tamasha lilikuwa la siku tatu, la wazi, na mvua zilikuwa zimeanza. Uwanja mzima ulikuwa tope. Baba Pacha, ambaye ni fundi wa redio, alirudi nyumbani na mabuti mapya ya mpira. Alitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mume wangu, haya ni namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Mimi navaa thelathini na nane!"

"Najua. Lakini mimi navaa arobaini na mbili. Ukitoka kwenye tamasha, nami nitaingia nayo bustanini. Hayo ni mabuti ya familia."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, na soksi?"

"Soksi za nini? Zitalowa tu. Vaa mifuko ya plastiki ndani. Mguu utabaki mkavu."

Baba Pacha alisema hayo kwa sauti ya mtu anayejua. Ana sauti hiyo hata kwa mambo asiyoyajua.

Siku ya kwanza walifanya mazoezi uwanjani tangu asubuhi. Kila Mama Pacha alipoinua mguu, kisigino kilipanda na buti likabaki chini. Kila alipokanyaga, kisigino kilishuka na kusugua mpira. Ndani ya plastiki jasho lilijaa, mguu ukawa unateleza. Ilipofika saa nne alihisi joto kwenye visigino. Alijikaza. Alijiambia kuwa joto ni dalili ya kazi. Hakutaka Kapteni amwone mlegevu.

Alasiri, nyumbani, alivua mabuti. Kila kisigino kilikuwa na lengelenge lililojaa maji, kubwa kama punje ya haragwe.

"Hilo ni jambo dogo," alisema Baba Pacha. Alileta sindano ya kushonea na kiberiti. "Natoboa, maji yanatoka, mchezo umekwisha."

Alitoboa la mguu wa kushoto, kisha akakwangua ngozi yote iliyolegea. Mama Pacha alipiga yowe. La kulia alikataa lisiguswe.

Siku ya pili kidonda cha kushoto kilinata kwenye plastiki. Kila hatua ilimchoma mpaka machozi yakamlenga. Wakati wa mapumziko alijificha nyuma ya vyoo vya tamasha ili avue buti. Huko alikuta kamba iliyoanikwa soksi, jozi nne. Chini yake alikaa mwanamke wa makamo, miguu peku, mabuti yake ya mpira yakiwa kando. Alikuwa anaipepea kwa kipande cha boksi.

Huyo alikuwa msafishaji wa vyoo. Wafanyakazi wenzake walimwita Bi Saa Sita. Kila siku, ikifika saa sita kamili, aliacha kila kitu na kubadili soksi. Hata meneja angemwita, angengoja.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Huku hakunukii vizuri, lakini kuna kivuli. Hebu nione huo mguu."

Mama Pacha aliona haya, lakini akauonyesha.

"Pole sana. Nani alikutoboa?"

"Baba watoto."

"Ni daktari?"

"Fundi wa redio."

Bi Saa Sita alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Mimi navaa mabuti haya kwa muda wa saa kumi kila siku, mwaka wa tisa huu. Mwaka wa kwanza nililia kama wewe. Buti la mpira halipumui. Jasho likikosa njia, ngozi inalainika. Ngozi laini ikisuguliwa, inavimba maji. Wewe umeongeza plastiki ndani ya mpira. Umeupika mguu wako, mama."

"Na ukubwa wa buti?"

"Huo ndio ubaya zaidi. Buti kubwa linacheza, na linalocheza linasugua. Ukinunua buti, lijaribu ukiwa na soksi utakazovaa nalo. Jaribu jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana. Vidole vipate nafasi, lakini kisigino kisipande na kushuka. Soksi ziwe nene na ndefu, zipite ukingo wa buti. Mimi navaa jozi mbili, nyepesi ndani na nene juu. Zisuguane zenyewe, ngozi yangu ipone. Zikilowa tu, nabadili."

Alimshika mkono, akampeleka mpaka kwenye hema la huduma ya kwanza. Muuguzi alinawa mikono. Akaosha kidonda kwa maji safi na sabuni, akakikausha taratibu bila kusugua, kisha akakifunika kwa bandeji isiyonata.

"Hiyo ngozi ya juu ndiyo bandeji ya kwanza ya mwili," alisema. "Lengelenge likipasuka lenyewe, usiing'oe. Osha, funika, badili bandeji kila siku, au mara inapolowa."

Kisha akakata kitambaa laini kwa umbo la pete, akakizungusha kwenye lengelenge la kulia na kulifunika.

"Hili tuliache. Maji yatanyonywa yenyewe. Ukiona wekundu unaenea, usaha, maumivu yanazidi au homa, nenda kituo cha afya. Na mwenye kisukari asingoje dalili hizo. Akipata lengelenge tu, aende."

"Kesho natembea mizunguko mitatu," Mama Pacha alisema. "Nisipotembea, nimekosa nafasi yangu."

Muuguzi alimtazama. "Ningependa upumzike. Lakini kama lazima utembee, tafuta buti linalokutosha. Na ukihisi joto, simama papo hapo. Joto ndilo onyo. Kausha, bandika plasta, ndipo uendelee." Akampa kipande cha plasta ya kitambaa.

Baba Pacha aliposikia yote hayo, uso ulimshuka. Hakubisha hata kidogo. Alimpeleka mkewe dukani, soksi nene mfukoni, ili ajaribu mabuti mengine. Namba thelathini na tisa, pamoja na soksi, ilikaa sawasawa.

"Nisamehe," alimwambia wakiwa njiani. "Nilifikiria bustani, sikufikiria mguu wako."

Siku ya tatu bendi ilijipanga. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Kidonda kiliuma, lakini Mama Pacha alikivumilia. Watu walipiga makofi, na tarumbeta lake lilipanda juu ya ngoma zote. Alijisikia amerudi kwao.

Katikati ya mzunguko wa pili, kidole kidogo cha mguu wa kulia kikaanza kupata joto.

Alilijua joto hilo. Aliangalia mgongo wa Kapteni mbele yake. Akitoka kwenye mstari, huenda nafasi inakwenda. Akibaki, mguu unakwenda, na labda mzunguko wa tatu hataumaliza kabisa. Alipiga sauti ya mwisho ya kipande kile, akasogea mpaka karibu na Kapteni.

"Kapteni, naomba dakika tatu. Mguu."

"Mstari hausimami," Kapteni alijibu bila kugeuka.

"Usisimame. Nitaukuta."

Akatoka. Alikaa juu ya kreti pembeni mwa uwanja, mbele ya watu wote, akavua buti. Mtu mmoja alicheka. Mama Pacha aliona aibu, lakini hakuharakisha. Alifuta kidole kikakauka. Hapakuwa na lengelenge, palikuwa pekundu tu. Alibandika plasta, akailaza vizuri isifanye mkunjo. Akavaa soksi kavu alizoweka mfukoni, akavaa buti. Kisha akakata uwanja kwa mkato na kuingia mahali pake, mzunguko wa tatu ukiwa ndiyo kwanza unaanza.

Aliupiga wote. Alipiga kama mtu anayeaga, kwa sababu alidhani anaaga.

Muziki uliponyamaza, wenzake walitawanyika kutafuta maji. Mama Pacha alianza kulifuta tarumbeta lake. Hakuthubutu kuinua macho. Akasikia hatua nzito zinakuja, moja ndefu, moja fupi. Kapteni alikuwa anachechemea. Alikaa kwenye kreti, akavuta buti lake kwa mikono miwili, akakunja uso. Ndani hakukuwa na soksi. Kisigino kilikuwa chekundu, ngozi imechunika.

"Tangu jana," alisema kwa sauti ndogo ambayo bendi haijawahi kuisikia. "Niliona aibu kutoka kwenye mstari."

Mama Pacha alichuchumaa, akautazama ule mguu. "Hapo pameshachunika, Kapteni. Plasta yangu haifai. Twende kwa muuguzi pakaoshwe na kufunikwa. Nishike bega."

Kapteni alimshika bega. Wakatembea polepole kuelekea kwenye hema. Walipofika mlangoni, Kapteni alisimama.

"Mazoezi ni Jumanne saa kumi," alisema. "Usichelewe."