Sindano ya Pili

Zohra Ayari alikutwa amekufa kwenye kiti cha maabara mjini Kairouan, mkono wake wa kulia ukiwa bado umefungwa kwenye kibati cha kupimia maumivu.

"Alituficha ugonjwa wa moyo," alisema Dokta Slaheddine, mtafiti mkuu wa maabara hiyo, kabla hata ya kuulizwa. "Sisi tunachoma homoni pajani, kisha tunapasha ngozi joto tuone kama maumivu yamepungua. Haina madhara."

Inspekta Monia Gharsalli alipandwa na hasira. Maiti haijapoa, na tayari imetwishwa lawama ya kifo chake!

Alimkuta Mabrouka, jirani wa marehemu na mwenzake katika kazi ya mikate, akibandika mikate ya matanga ndani ya tanuri la udongo.

"Zohra mgonjwa? Mtu aliyekuwa anabeba magunia ya unga! Huyo dokta hana haya, mwanangu."

"Nawe alikuchoma, mama?"

"Juzi. Pajani, halafu mkono huu wa kulia. Eti ya pili inaisaidia ya kwanza. Nikarudi kazini, nikaingiza mkono humu. Nilinusa nyama ikiungua kabla sijasikia moto. Ona!"

Mkono wa kulia ulijaa malengelenge.

"Na wa kushoto?"

"Huo ulisikia moto kama siku zote."

Monia aliduwaa. Homoni husambaa na damu mwili mzima, haichagui mkono. Akaagiza damu ya marehemu ipimwe dawa ya ganzi.

Mkemia alijibu kesho yake: dawa ilikuwemo, tena kwa kiasi cha kusimamisha moyo. Daktari wa maiti naye aliukuta moyo wenyewe mzima, hauna kasoro.

"Kwa nini uliwachagua waoka mikate?" Monia alimuuliza mtuhumiwa kituoni.

"Mikono yao imezoea moto. Nilidhani hawatagundua."

"Uliwaona wajinga!"

Dokta alifuta jasho. "Homoni haikufanya kazi, Inspekta. Miaka sita! Na mimi nilishatangaza mbele ya wenzangu kwamba inafanya. Ningeuweka wapi uso wangu?"

"Mabrouka yu hai. Zohra ulimfanyaje?"

"Nilimchoma ganzi, nikawasha kibati, nikamuuliza. Akasema inauma. Nikamwongeza. Akasema bado inauma. Nikamwongeza tena."

"Ulimwita pale afanye kazi gani?"

Dokta aliinamisha macho sakafuni.

"Aseme kama inauma."