Visanduku Viwili vya Kumbukumbu

Kila akitoka shule, Maswali alipitia karakana ya shangazi yake, akafagia sakafu, kisha akakaa mbele ya kompyuta kuukuu iliyounganishwa na runinga. Jina hilo la Maswali alipewa na shangazi mwenyewe, fundi wa vyombo vya umeme, aliyesema kwamba mtoto huyu angemhoji hata paka kwa nini analia.

Kompyuta hiyo ilikuwa kongwe kweli, ya enzi za kuhifadhi programu kwenye kaseti. Maswali alikuwa anaitungia mchezo wa chemshabongo kuhusu afya, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni. Tatizo ni kwamba kila alipoongeza swali, mashine iligoma ikidai kumbukumbu imejaa.

"Shangazi, si umeichomekea kisanduku cha kuongeza kumbukumbu?"

"Nimeichomekea, na hapo ndipo mwisho wake. Punguza maneno, mwanangu," alijibu shangazi, macho yakiwa kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza.

Apunguze! Maswali alinuna. Moyoni aliamini shangazi anamfanyia choyo tu.

Kesho yake shangazi alitoka kidogo. Kwenye droo mlikuwa na kisanduku kingine cha aina ileile, mali ya mwalimu mstaafu, kilicholetwa kusafishwa kutu. Maswali alipiga hesabu harakaharaka: kimoja kinaongeza, basi viwili vitaongeza maradufu. Akakichomeka nyuma ya kile cha kwanza, akawasha.

Runinga ilijaa herufi zilizovunjikavunjika. Alizima, akabadilisha mpangilio wa visanduku, akawasha tena. Mambo yaleyale, na sasa kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Alikichomoa mbio kile cha mwalimu, akakirudisha kwenye droo. Kichwa kilimzunguka. Ameongeza, mbona imekuwa kana kwamba amepunguza?

Hajakaa vizuri, shangazi akaingia pamoja na mwalimu mstaafu. Walikijaribu kisanduku cha mwalimu peke yake. Hakikufanya kitu.

"Ajabu! Jana kilikuwa kizima," alisema shangazi.

"Ajabu gani?" mwalimu alifoka. "Yule fundi aliyeniuzia ni tapeli! Naenda dukani kwake sasa hivi, na sokoni kote watanisikia."

Maswali alimfahamu fundi huyo, jirani mpole aliyempa nyaya za kuchezea. Angenyamaza, yeye angesalimika, lakini jirani angeaibishwa bure.

"Si yeye," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Nilivichomeka vyote viwili."

Shangazi alichukua bisibisi akakifungua kisanduku. Sehemu moja ndogo ilikuwa imeungua.

"Lakini sielewi!" Maswali alilia. "Nafasi si ilikuwa imeongezeka?"

"Ubongo wa mashine hii huita kila nafasi kwa namba yake," shangazi alieleza, "na namba zake zina mwisho. Kisanduku kimoja kinazimaliza zote. Mwalimu, ukiita namba tano darasani, wakasimama wawili na kila mmoja akajibu lake, utasikia nini?"

"Kelele tupu," mwalimu alijibu, hasira zikianza kumtoka.

"Basi ndivyo mashine ilivyosikia. Vilivutana mpaka kimoja kikaungua."

"Na nikiweka kumi?"

"Nafasi utakuwa nazo tele, ila hutakuwa na namba za kuziitia."

Shangazi alibadilisha sehemu iliyoungua, na kisanduku kikafanya kazi. Kisha akamwonyesha Maswali jinsi ya kuugawa mchezo vipande viwili: cha kwanza kikiisha, kaseti inaleta cha pili kinachokaa palepale kilipokuwa cha kwanza. Ilimbidi Maswali aandike upya karibu mchezo wote, akakosea, akafuta, akachoka, akaanza tena. Siku ya maonyesho watoto walijipanga kuucheza, na mwalimu mstaafu alishindwa swali la kunawa mikono, wakacheka wote.

Wakati wa kufungasha vifaa, Maswali aliuliza lililomkaa moyoni.

"Shangazi, siku ile mbona hukunigombeza?"

"Ulikosea kugusa cha watu bila ruhusa, na hilo usilirudie. Kutojua si kosa, ungeniuliza tu. Lakini ulisema kweli mapema." Shangazi alifunga mkoba wake. "Kisanduku kilipoungua, nilikuwa na kipuri chake. Jina la yule jirani lingeungua, kipuri ningekitoa wapi?"