Maandishi Chini ya Picha

Kila Alhamisi baada ya masomo, klabu yetu ya picha pale Kibamba ilikutana darasa la sita. Tulipiga picha kwa zamu, kwa simu moja ya klabu. Kazi yangu mimi, Clara, ilikuwa kuziingiza kwenye programu inayoweka maandishi chini ya kila picha: imepigwa kwa kamera gani, na lenzi ilifunguka kwa muda gani. Mwalimu Revelian alinipa kazi hiyo kwa sababu aliniamini.

Bahiya sikumpenda, na sitaki kujisafisha. Alihamia shuleni muhula huo huo, na tayari picha yake ya mdogo wake Aya akinawa uso bombani ilichaguliwa kuwa jalada la kalenda ya shule. Yangu ya mlingoti wa bendera ikawa ya pili. Wivu ulinikaba. Programu ile inaruhusu kubadilisha maandishi, basi chini ya picha ya Bahiya nikafuta jina la simu yetu, nikaandika la kamera kubwa ya studio. Muda wa lenzi niliunakili kutoka picha ya usiku niliyoiona mtandaoni, maana niliona ni wa kitaalamu. Kisha nikaifuta picha halisi simuni.

Maneno yakasambaa. Hamoud, kaka yake Bahiya, ana studio Kawe, kwa hiyo kila mtu alijumlisha mwenyewe kuwa picha ilipigwa huko.

"Mwizi wa picha," Edgar alisema, akivuta dawati lake mbali na Bahiya.

"Mie sijaiba. Nimepiga mwenyewe, muulizeni Aya."

"Mdogo wako atasema nini kingine?" nikamwambia. "Toka kwenye klabu yetu."

Wengine wakaitikia. Hakuna aliyemtetea.

Mwalimu aliitazama picha ile kwa muda mrefu. "Hapa pameandikwa lenzi ilifunguka sekunde nzima. Clara, chukua jagi, mimina maji."

Nikamimina. Akaegemeza simu kwenye vitabu, akairekebisha ifunguke sekunde nzima, akapiga. Pichani maji yalitoka kama moshi. Akaiweka kando ya picha ya Bahiya. Usoni kwa Aya uliweza kuhesabu tone moja moja.

"Maandishi haya ni ya uongo," alisema. "Nani huyaandika?"

"Mimi, mwalimu. Niliyabadilisha ili aondolewe."

Hakunipigia kelele. "Nilipokupa kazi ya kuandika, nilikukabidhi majina ya wenzako. Mwandishi akidanganya, anayeumia ni mkweli. Kesho utayasema haya paredi, na kazi utamwachia Bahiya."

Nikayasema mbele ya shule nzima. Edgar alimwomba Bahiya radhi. Mimi nilipomwomba, aligeuka akaondoka.

Alhamisi iliyofuata, picha ya kwanza mikononi mwake ilikuwa yangu ya mlingoti. Nilijua angeweza kulipiza kisasi. Aliandika taratibu, kisha akanisogezea simu.

"Kagua," alisema, bila kunitazama. "Kama nimekosea, sema."

Nilisoma mara mbili. Yote yalikuwa sahihi. Nilitamani anitukane.