Ubovu wa Zamani

Gari la mwisho siku ile lilikuwa kwa mjane mmoja, mwisho wa mtaa, na Winchi alikwenda kulichukua jua likiwa limeshainama. Hakuwa na haraka. Fomu alikuwa ameshaijaza tangu asubuhi.

Hapo ndipo pa kumjua huyu bwana. Kazi yake ilikuwa kuvuta magari ya watu walioshindwa na mikopo, na sharti la kazi lilikuwa moja: kabla ya kufunga mnyororo, lizunguke gari pamoja na mwenyewe, andika kila mkwaruzo unaouona, kisha mtie saini. Winchi hakuzunguka kitu. Aliketi na chai yake asubuhi, akaandika ubovu wa magari ambayo hajayatia machoni. Taa imekufa. Mlango umebonyea. Injini huzima yenyewe. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: VYOTE NI VYA ZAMANI. Nafasi ya namba ya gari aliiacha wazi, ataijaza akifika. Baada ya hapo gari la mtu aliliburuza kama gunia la mkaa, na hakuna wa kumuuliza.

Wenyewe walikuja kulalamika, wakose kuja? Mwalimu mmoja alisimama kwenye dirisha la yadi na kipande cha taa mkononi, mtu mzima, midomo ikimcheza.

"Ilikuwa nzima, ndugu yangu. Nzima!"

Winchi alimsogezea karatasi kwa kidole kimoja. "Ya zamani hiyo, mwalimu. Si umesaini?"

Mwalimu alipogeuka kuondoka, Winchi alicheka mpaka chai ikampalia. Ndivyo alivyokuwa. Aliwaona wenye madeni kama takataka, na takataka haina haki ya kusema imeumia.

Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani. Gari lilikuwa pale uani, dogo, jeupe, la miaka mingi, lakini safi kupita kiasi. Halikuwa na hata alama ya kucha.

Winchi hakumwamkia. Mama wa umri wa mama yake, wala shikamoo hakumpa. "Nimekuja kuchukua gari. Saini hapa."

"Nisomee kwanza, baba." Aliongea chinichini, kama mtu aliyekaa karibu na mgonjwa. "Jioni macho yangu hayasomi."

Winchi akasonya. Akaiweka fomu juu ya boneti, akaegemeza na mkono wake hapo, akasoma harakaharaka. Taa ya mbele ya kushoto imekufa. Mlango wa kulia umebonyea. Injini huzima yenyewe. Vyote ni vya zamani.

Boneti ilikuwa ya moto. Akaondoa mkono. Gari lenyewe, aliambiwa, halijawashwa miezi mitano.

Mjane alilitazama gari, kisha akamtazama yeye. "Umeyaona haya?"

"Nimeyaona."

"Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa magari. Miaka thelathini. Hakuwahi kuandika asichokiona." Akashusha sauti zaidi. "Alikuwa akisema, ubovu ukishaandikwa, lazima ukae mahali."

"Mungu amrehemu. Saini, mama, giza linaingia."

"Mimi sijauona. Aliyeuona ndiye atie saini."

Bibi kizee na ujuaji wake, aliwaza Winchi. Akaandika jina lake kamili, akasaini, akachana nakala na kumtupia mapajani. Hasira ikamsahaulisha ile nafasi ya namba. Kwenye karatasi nzima, jina lililokuwepo lilikuwa moja tu, lake.

Alilifunga gari nyuma ya lori lake, vibaya kwa makusudi, breki ya mkono ikiwa imepandishwa. Pale getini akalipitisha karibu na nguzo, akasikia kioo cha taa kikivunjika, akatabasamu. Halafu ubavu wa kulia ukasuguana na ukuta.  Mjane alikaa vilevile kwenye kigoda chake, nakala mkononi.

Barabarani Winchi hakukwepa shimo hata moja.

Ndipo harufu ikaingia. Grisi... na sabuni ya kufulia. Harufu ya fundi aliyetoka kunawa mikono. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Krr... krr... krr...

Akazima redio.

Krr... krr...

Ilikuwa kalamu. Kalamu ikikwaruza karatasi, taratibu, mstari kwa mstari, na sauti ilitoka nyuma. Winchi akatazama kioo cha pembeni. Kwenye lile gari jeupe, kwenye kiti cha dereva, alikaa mtu. Ameinamisha kichwa, anaandika juu ya goti.

Mtu yule akainua kichwa.

Akamtazama.

Akaandika tena.

Winchi akakanyaga mafuta. Pale pale upande wa kushoto wa barabara ukazimika. Alidhani taa ya lori lake imeungua. Akapikicha jicho, akalifumbua, akalifumba. Giza lilikuwa lile lile. Kabla hajapata pumzi, kitu kikambonyeza mbavu za kulia kutokea nje kwenda ndani, polepole, mpaka akasikia mfupa ukilia. Hapakuwa na mkono wowote. Alipiga ukunga ambao angemcheka mwingine kwa kuupiga.

Mlinzi wa yadi alifungua geti akamkuta ameinama juu ya usukani.

"Nyuma..." alinong'ona Winchi. "Angalia nani yuko nyuma."

Mlinzi akaenda na tochi, akamulika ndani, akazunguka, akarudi. "Hakuna mtu, bosi. Lakini leo umenishangaza. Gari halina hata mkwaruzo."

Winchi akashuka kwa taabu. Akaipapasa taa ya kushoto kwa vidole. Nzima. Akaupapasa mlango wa kulia. Laini kama sahani.

"Nimulike jicho! La kushoto, halioni!"

Mlinzi akammulika, kisha akacheka kwa aibu, kama mtu asiyejua kama anataniwa. "Bosi, hilo si halijawahi kuona? Tangu nikujue."

Winchi akaitoa fomu. Sasa ndiyo aliiona ile nafasi iliyo wazi. Akaandika namba ya gari, akaandika tena, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Wino haukushika. Kila mahali pengine ulishika, pale tu ulikataa.

Nyumbani alimwamsha mkewe, akamwonyesha jicho na ubavu uliozama. Mke akamwangalia kwa ile huruma ya kumchosha mtu. "Mume wangu, una nini leo? Nilikukubali hivyo hivyo." Akamwelekeza kwa kidevu picha ya harusi ukutani. Bwana harusi alikuwa amesimama ameinamia upande wa kulia, jicho la kushoto jeupe kama ganda la yai.

Winchi hakulala. Alikumbuka mstari wa tatu.

Kulipopambazuka alikuwa mlangoni kwa mjane, na safari hii alianza na shikamoo. Alipiga hata magoti. Kichekesho kwelikweli, mtu aliyecheka machozi ya wenzake sasa anafuta yake kwa kiganja.

"Mama, gari nitalirudisha leo hii. Tuchane karatasi. Yako na yangu. Nilidanganya, sikuona kitu, niliandika nikinywa chai..."

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na furaha usoni, wala hasira. Alikuwa na uchovu wa mtu anayeulizwa jambo ambalo haliko mikononi mwake.

"Kuchana nilijaribu jana usiku, baba. Haichaniki. Marehemu mwenyewe alishaipitisha." Akamwonyesha nakala. Chini ya saini ya Winchi palikuwa na saini nyingine, ya mwandiko wa zamani, iliyonyooka, na harufu ya grisi. "Na wewe si umesaini?"

"Lakini injini... Mama, ule mstari wa injini haujatokea. Haujatokea bado!"

Simu ikaita mfukoni mwake. Alikuwa mkewe.

"Mume wangu, mbona umetoka bila kumeza vidonge?"

"Vidonge gani?"

"Usianze tena, tafadhali. Vya moyo." Sauti yake ilikuwa ya kila siku, ya mtu aliyesema maneno hayo miaka na miaka. "Unajua ulivyo. Huzima wenyewe."

Winchi akaweka kiganja kifuani. Uligonga. Ukagonga. Akasubiri mpigo mwingine.