Kura ya Haika

Walikutana dukani Peckham, Uingereza, Jumamosi, watu wamejaa hadi mlangoni. Ilibaki chane moja ya ndizi mbichi, na mikono miwili ilikuwa imeishika.

"Dada, Mnyakyusa haachi ndizi," alisema kijana mwenye koti la kijivu na kola iliyonyooka.

"Kwani Mchagga ndiye anaiacha?" Haika alimjibu, sare ya unesi bado mwilini, kilemba chekundu kichwani.

Waligawana chane, wakapeana namba. Miezi minane baadaye Lusekelo alikuwa akimwita "mama watoto wangu", na Haika, asiyependa kubembelezwa, alikuwa amezoea kudeka. Hakumficha kitu. Alimsimulia hata habari za mdogo wake, Marcelina, aliyekufa Moshi akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kutolewa mimba kwa siri na mtu asiye daktari. Lusekelo alilia naye. Basi mwanaume akilia nawe, moyo unajua umefika kwao.

Ukaja uchaguzi wa bunge la Uingereza. Kwa kuwa Watanzania wanaoishi huko kihalali wanaruhusiwa kupiga kura, kama raia wa Jumuiya ya Madola, wote wawili walijiandikisha, jimbo moja. Haika alikuwa na mgombea wake, mama mmoja aliyeahidi kulinda haki ya mwanamke kuamua kuhusu uzazi wake. Mpinzani wa mama huyo, aliyekuwa akisifiwa na mchungaji wa kanisa la Lusekelo, alitaka sheria ya kutoa mimba ibanwe. Siku yenyewe ikamkuta Haika kwenye kozi Leeds, lakini alikuwa ameshajaza fomu ya kumteua Lusekelo apige kura kwa niaba yake, jambo linaloruhusiwa huko.

"Unamjua wangu, eti?" alimuuliza kwa simu asubuhi ile.

"Namjua, mpenzi. We soma tu, kura yako iko salama."

Jumapili Haika alifikia kwa Lusekelo, Thornton Heath. Alikuta ndizi nyama mezani, shati jeupe lililopigwa pasi, na kisanduku kidogo cha pete kando ya sahani. Wakaanza kula. Lusekelo akacheka kidogo, kama mtu anayetaka kusifiwa.

"Zote mbili nilimpa yule wa mchungaji," alisema. "Yangu na yako. Mume na mke wakipingana kwenye karatasi, nyumba gani hiyo, mama?"

Haika aliweka kijiko chini. Hasira angeiweza. Hiki kilikuwa kinyaa, kama cha mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi akiwa ameshaunywa nusu.

"Ulimkumbuka Marcelina ukiwa umeshika ile penseli?"

"Nilimkumbuka. Nikamwombea."

"Ukamwombea, halafu ukaweka alama."

"Haika, mbona mtu wako ameshinda? Kura moja ingebadilisha nini?"

"Ameshinda bila mimi. Mimi niko upande wa waliomkataa, na ni wewe uliyeniweka huko."

Alitazama mikono misafi ya Lusekelo, kucha zimekatwa vizuri, ile mikono iliyomfuta machozi, akasukuma sahani kando. Lusekelo akapiga goti, kisanduku wazi.

"Tusigombane kwa ajili ya siasa, mpenzi. Niambie tu, utakuwa mke wangu?"

Haika alivaa koti, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja.

"Hili nalijibu mwenyewe," alisema. "Hapana."

Kituoni alilia hadi mabasi mawili yakampita, maana alikuwa amempenda kwelikweli. La tatu alilipanda.