Nafasi ya Maman Antoinette

—Kasoki, nani aliandikisha mama yangu ku maison de repos, nyumba ya bazee?

Modeste alisimama nje ya mlango wa chumba, simu mkononi. Ndani, mchumba wake Kasoki alikuwa anamkausha Maman Antoinette miguu, kidole kimoja kimoja, kisha anapaka mafuta. Mwaka wa pili sasa tangu mama huyo apooze upande mmoja. Kila asubuhi Kasoki alikuja hapa kwa Modeste, Schaerbeek, huku Ulaya, kumwogesha, maana kwao Butembo mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake.

Modeste akasoma kwa sauti: "Nafasi ya Bibi Antoinette imepatikana Ganshoren. Jibu kabla ya saa sita mchana."

—Ni miye. Niliandikisha mwaka jana na numero yako ya simu, juu kungojea ni kurefu.

—Bila kuniambia? Na ndoa ni Jumamosi?

—Ungekatala, chéri. Pale njo natumika kazi. Nitamuosha miye mwenyewe kila siku. Mugongo yangu imekwisha! Bazee kumi ku kazi, kisha yeye, na ngazi za hapa.

—Mama aliuzisha viazi ku soko mupaka nikafika Ulaya. Leo nimutupe kwa Bazungu? Batu ba kanisa batasema nini?

—Bon! Kati ya hao, nani alikuja kumugeuza ku kitanda hata siku moja?

Maman Antoinette akavuta mguu wake usiopooza kutoka mikononi mwa Kasoki.

—Nilikuita mutoto wangu. Kumbe ulikuwa unanitafutia fasi ya kufia?

—Hapana, maman...

—Acha miguu yangu.

Modeste akaandika jibu palepale: "Hapana. Mama anabaki kwangu." Kisha akanyoosha mkono.

—Lete ufunguo. Hakuna ndoa.

—Modeste, nani atamuosha?

—Haikuangalie tena, si kazi yako.

Jumamosi asubuhi, badala ya kuvaa gauni, Kasoki alijikuta amepanda zile ngazi. Akasikia maji yakimwagika ndani, na mama akilia taratibu.

—Fumba macho, Modeste.

—Nimefumba, mama.

—Hapana, unaniumiza! Mungu wangu, mutoto wangu ananiona...

Kasoki akagonga.

—Nani? —sauti ya Modeste ilikuwa imelowa machozi.

—Ni miye, Kasoki. Funguleni, nimusaidie tu.

Akangoja, paji la uso kwenye mbao za mlango. Hakuna aliyefungua; akasikia kitambaa kikichovywa tena majini.